Shangazi, mume wangu anasema harufu ya dampo ni mawazo yangu tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Dar es Salaam kwenye nyumba ya kupanga. Tulihamia mtaa huu mwaka juzi kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na sasa naelewa kwa nini ilikuwa nafuu. Dampo liko ng'ambo ya korongo. Mvua ikinyesha halafu jua likawaka, harufu inapanda mpaka chumbani, inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata chai unaiona chungu. Usiku wakichoma taka ndiyo usiseme.

Tangu tuhamie sina raha. Kichwa kinaniuma karibu kila siku, asubuhi nasikia kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu. Nimekwenda zahanati wakanipima malaria, presha, sukari na mkojo, vyote wakasema viko sawa. Nikaambiwa nipunguze mawazo. Niliporudi na jibu hilo mume wangu alicheka. Akasema, "Si nilikwambia? Mtaa mzima unavuta hewa hiyohiyo, mbona wenzako hawaumwi?" Na kweli, kuna mama anauza chapati karibu kabisa na dampo, nilipomuuliza anavumiliaje akaniambia yeye hiyo harufu haisikii tena.

Mtoto mkubwa ana miaka tisa na ana pumu. Harufu ikianza tu namwambia afunge pua haraka, hiyo hewa itamuua. Mara nyingi haipiti robo saa kifua kinaanza kupiga filimbi.

Mdogo hajatimiza miaka mitatu. Huyu hana pumu, lakini amebadilika. Chakula hataki, analialia, tumbo linamuuma, choo kigumu, na amepauka. Maneno aliyokuwa ameanza kuyasema ni yaleyale, hayaongezeki. Mama mkwe anasema ni chango. Nimeshampa dawa za minyoo mara mbili. Kutwa yuko uani na baba yake, na ana tabia ya kula udongo. Mimi nasema ni dampo.

Nikimwambia mume wangu tuhame anasema uani hapa ni pakubwa na panamfaa kwa kazi. Yeye anamimina chubwi za nyavu, vile vizito vya kuzamishia wavu. Ananunua betri chakavu za magari, anazipasua, anayeyusha madini ya risasi kwenye sufuria kuukuu, tunawauzia wavuvi. Ndiyo kazi inayotulisha, na haina harufu wala kelele, haimsumbui mtu.

Nimefika mahali pa kutaka kuchukua wanangu nirudi kwetu Tanga. Je, nina ugonjwa wa mawazo kweli, au ni dampo?

Mama Wawili, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu kichwa chako na dampo, na nitakujibu. Lakini barua yako nimeisoma nikakwama kwenye maneno uliyoyataja kwa kupita tu, pale mwishoni, kwenye kazi ya baba watoto. Kwa hiyo naanzia huko. Kabla hujafunga mzigo wa Tanga, huyo mdogo apimwe kiwango cha madini ya risasi kwenye damu. Wiki hii, si mwisho wa mwezi.

Mimi si daktari, na safu ya gazeti haipimi damu. Tumbo, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, kupauka, kulialia na maneno kugoma kuongezeka vinaweza kuletwa na mambo mengi, minyoo na upungufu wa damu vikiwemo. Lakini ukizipanga dalili hizo pamoja, kwa mtoto wa umri huo, anayekula udongo wa uani ambako betri zinapasuliwa na risasi inayeyushwa, daktari yeyote anayejua mambo haya atauliza kuhusu risasi kabla ya kuandika dawa nyingine ya minyoo.

Nikueleze inavyokwenda. Betri ikipasuliwa, ile asidi inayomwagwa chini imebeba risasi. Zile bamba za ndani zina unga wa kijivu na wa kahawia unaopeperuka kwa upepo mdogo tu. Risasi ikiyeyushwa, inatoa moshi mwembamba, na yale makapi yanayoelea juu mumeo akiyaengua yanamwagika na kuwa vumbi. Vumbi hilo haliondoki. Linakaa kwenye udongo, kwenye kizingiti, kwenye suruali ya kazi, kwenye mikono inayombeba mtoto jioni. Mtoto anatambaa, anashika, anaweka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichoingia mwilini, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kipimo kikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, shirika hilo linasema chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kinachoharibika zaidi kwa mtoto ni ubongo, na hasara hiyo mara nyingi hairudi yote.

Usidhani nakutisha kwa jambo la kubuni. Pembeni mwa jiji la Dakar, nchini Senegal, kuna mahali panaitwa Thiaroye-sur-Mer. Mafundi wa pale kwa miaka mingi walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kuitengeneza chubwi za nyavu, kazi hiihii ya baba watoto wako. Udongo ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuuchimba na kuuchekecha udongo wenyewe wapate vipande vya kuuza, watoto wakiwa pembeni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walifariki watoto 18. Ulikuwa ni udongo tu wa mtaani, haunuki, haumwashi mtu macho, na wala hakuna aliyeziba pua alipoupita.

Huku Mombasa nako, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kuugua na vipimo kuonyesha risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu. Wewe unasema dampo linanuka, kwa hiyo ndilo linaloua. Yeye anasema kazi yake hainuki, kwa hiyo haina shida. Mnagombana, lakini hakimu wenu ni mmoja: pua. Na pua ni mbwa wa getini. Hubweka kwa muuza mboga, akaja mwizi anayemzoea akanyamaza. Ile gesi yenye harufu ya yai viza inayotoka kwenye taka zinazooza, pua huisikia ikiwa ndogo mno, chini sana ya kiwango cha kudhuru. Ikiwa nyingi kupita kiasi, huua uwezo wa kunusa, mtu akadhani imeisha. Moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu kabisa, na kila msimu wa baridi tunasikia familia zilizolala nayo zisiamke. Risasi ndiyo usiseme. Na yule mama chapati asiyesikia harufu tena? Hajapona chochote, ni pua iliyochoka kupeleka taarifa ileile. Hewa anayovuta ni hiyohiyo unayoivuta wewe.

Je, maana yake kichwa chako ni mawazo matupu? Hapana, na huyo aliyekucheka nitamfikia. Harufu mbaya inayokuja bila ruhusa yako, usiyoweza kuizima, inakunyima usingizi na kukukaza shingo na mabega. Maumivu yanayotokana na hapo ni maumivu kamili, hata kama mkojo na sukari viko sawa. Ila kuna jambo la pili, na hili nataka ulisikie vizuri kwa sababu linamhusu mkubwa wako. Namna unavyoiwazia hewa inabadilisha namna mwili unavyoipokea.

Kule Philadelphia, Marekani, kuna mtafiti anaitwa Pamela Dalton, wa kituo cha Monell kinachochunguza kunusa na kuonja. Aliwanusisha watu harufu moja. Kundi moja liliambiwa ni kitu cha asili chenye faida, jingine likaambiwa ni kemikali ya viwandani. Harufu ileile, kiasi kilekile. Walioambiwa ni ya kudhuru walilalamika zaidi kuwashwa koo na macho, na pua zao hazikuizoea kama za wenzao. Mwaka 2014 yeye na mwenzake wakachapisha jaribio la watu 17 wenye pumu, walionusishwa kwa dakika 15 kitu chenye harufu ya ua la waridi. Walioambiwa kinaweza kuwabana kidogo kifua, vipimo vya pumzi zao vilionyesha njia za hewa zimevimba zaidi, na kesho yake uvimbe ulikuwa bado upo. Walioambiwa kinasaidia hawakupata hilo. Ulikuwa ni uvimbe wa kupimwa kwa mashine, haukuwa maigizo.

Kwa hiyo mwanangu, ile "funga pua, itakuua" iache kuanzia leo. Unampa mtoto mwenye pumu hofu juu ya moshi. Sikwambii umdanganye kwamba ni marashi. Mwambie, "Baba, tufunge dirisha hili, tukae chumba cha mbele," kwa sauti unayotumia kumwita kula. Pampu yake ikae mahali anapojua, atumie alivyoelekezwa, na kama ana ile ya kila siku ya kuzuia, asiiruke siku ambazo hewa inaonekana nzuri. Siku wanazochoma taka ni nyingine kabisa: huo moshi una chembe ndogo mno zinazoshuka mpaka ndani ya mapafu, unambana mwenye pumu awe na hofu asiwe nayo. Siku hizo madirisha ya upande wa korongo yafungwe mapema, na kama una ndugu mtaa wa pili, mpeleke akalale huko.

Na dampo nalo silisafishi. Dandora, Nairobi, mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ukihusu watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na dampo. Nusu ya waliopimwa damu walikutwa na risasi mikrogramu 10 au zaidi. Unaona lilipo balaa la dampo: mara nyingi si ile harufu inayokukosesha raha, ni kile kilichomo kwenye vumbi na udongo wake. Kwa hiyo damu ikipimwa na risasi ikaonekana, msianze tena kubishana ni ya dampo au ni ya uani. Vyote viwili vishughulikiwe. Ila cha uani kiko mikononi mwenu, tena kinaweza kusimamishwa kesho asubuhi.

Baba watoto, najua barua hii utasomewa au utaisoma kwa siri. Kucheka kwako kuliniudhi, lakini sikukosei heshima. Mtu anayelisha nyumba kwa mikono yake si adui wa nyumba. Hakuna aliyekufundisha hatari ya kazi hii, na wateja wako wavuvi nao hawajui. Acha kuyeyusha hapo uani. Usihamishie chumbani wala nyuma ya choo, usimhamishie jirani. Betri uzima wake, bila kupasuliwa, zina wanunuzi wenye vibali vya kukusanya taka hatarishi. Faida ni ndogo kuliko ya chubwi, sitakudanganya. Wavuvi wanaweza kutumia uzito wa zege au vipande vya chuma, na fundi mwenye mkono wako anaweza kuwatengenezea. Wazee wetu walifunga mawe kwenye nyavu na samaki wakaliwa. Na wewe pia upimwe, maana anayemimina ndiye anayekula moshi wa kwanza. Risasi kwa mtu mzima inapandisha presha na kuharibu figo, na hata nguvu za kiume haiziachi salama. Hilo la mwisho najua litakufanya upande daladala haraka kuliko yote niliyosema.

Kwako tena, mama. Udongo wa uani usifagiliwe mkavu. Fagio la chelewa linarusha vumbi mpaka kwenye ndoo ya maji. Mwagia maji kwanza, ndani piga deki kwa kitambaa kibichi. Mdogo asicheze hapo tena, hata kazi ikisimama leo, kwa sababu kilichomwagika mwaka juzi bado kipo. Mnawishe mikono kwa sabuni kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, kucha fupi. Nguo za kazi za baba zisiingie chumbani na zisifuliwe beseni moja na za watoto. Ile sufuria ya kuyeyushia na jiko lake, hata siku moja visipikiwe uji. Na mlishe: mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo dagaa, maharage, mchicha, maziwa yakipatikana, na chungwa au embe juu yake. Chakula hakiifuti risasi, ila kinaibania njia. Tabia ya kula udongo mweleze daktari, mara nyingi inakwenda na upungufu wa damu.

Halafu nikuulize kitu ambacho zahanati hawakukuuliza, au hukuniandikia. Kichefuchefu cha asubuhi, umepima mimba? Risasi hujihifadhi kwenye mifupa miaka na miaka, na mwanamke akiwa mjamzito hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Tena risasi yenyewe humpa mtu mzima maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Ukimpeleka mtoto, na wewe upimwe vyote viwili. Huenda kichwa chako kina sababu tatu kwa pamoja, na mimi siwezi kuzitenganisha nikiwa hapa.

Kuhusu dampo, kulalamika peke yako dirishani kunakuumiza bila kulisogeza hata hatua. Nunua daftari. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, ni harufu au ni moshi, na kifua cha mtoto kilikuwaje. Mweleze na mama chapati, pua yake imechoka lakini macho yake yanaona moshi. Mkiwa wengi nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata, na wakiwazungusha, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linapokea malalamiko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1988, wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo, wakashinda. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Hawakuwa matajiri wale.

Tanga iache kwanza. Ukiondoka leo kwa hasira utaondoka na mtoto ambaye hajapimwa, na mume atabaki anayeyusha risasi akiamini ameshinda mabishano. Kipimo kikija kibaya, hapo kumtoa mtoto kwenye nyumba hiyo litakuwa agizo la daktari, na hata mama mkwe hatakuwa na la kusema. Kiwango kikiwa juu sana, kuanzia mikrogramu 45, zipo dawa za kuitoa risasi mwilini, lakini hazifai kitu mtoto akirudishwa kwenye udongo uleule.

Mwende wote wawili, na baba awepo chumbani kwa daktari. Ukikaa kwenye kiti usianze na dampo, maana utaambiwa tena upunguze mawazo. Sema hivi: "Mume wangu anayeyusha betri za magari uani, mtoto anakula udongo wa hapo, tumbo linauma, choo kigumu, amepauka, maneno hayaongezeki. Naomba apimwe risasi kwenye damu." Zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Wakikwambia hakipo, omba rufaa ya hospitali kubwa kwa maandishi, na usikubali kurudishwa nyumbani na dawa za minyoo mara ya tatu.

Shangazi